Mtoto wa Mwisho wa Nyumba Yako

Haya, kaeni. Hapo kwenye nyasi panatosha, hizo nguo nyeupe zitafuliwa. Shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja, marahaba, marahaba, msianze tena mmoja mmoja tutafika jioni. Mwalimu wenu wa uuguzi ameniomba niwasimulie kazi ya wodini ilivyokuwa enzi zetu, na ameniomba nisiwagombeze. La kwanza naliweza.

Nikifumba macho, kinachonijia kabla ya kitu kingine ni ukungu. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, juu kwenye vilima vya Tarime, na asubuhi za miaka ile ya hamsini ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuingia wodini bila hodi. Unaingia dirishani, unapita juu ya vitanda, unatokea mlango wa pili. Wagonjwa wenye homa walikuwa wanausalimia. Bibi mmoja aliuambia, "Karibu, kaa hapo," akakunja miguu ili upate nafasi. Mimi nilikuwa binti mbichi, mhudumu wa wodi ya wanawake, nimesimama na ndoo yangu mkononi, na siku nyingine sikujua kama nimeamka kweli au bado nimelala kwa mama. Yapo mambo ya hospitali ile ambayo siwezi kuapa kama niliyaona au niliyaota. Haya ya leo niliyaona.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwita, dresa mkuu. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano, akang'oa meno, na daktari akiwa safarini ndiye aliyekuwa daktari. Mtu mkubwa, mzito, anaongea polepole mpaka unatamani umsaidie kumalizia neno. Mimi naongea mbio, mnanisikia. Alikuwa ananiambia, "Ghati, una mikono miwili lakini midomo sijui umepewa mingapi."

Sindano zetu hazikuwa hizi zenu za kutumia mara moja na kutupa. Sindano moja ilichoma kijiji kizima. Tulikuwa tunazichemsha, na zikianza kuwa butu tunazinoa kwenye jiwe laini lenye tone la mafuta, polepole, ubavu huu na ubavu huu. Ukimaliza, unaiburuta ncha juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, rudi kwenye jiwe. Ikiteleza, ichemshe, iko tayari. Mara ya kwanza niliharakisha nikampelekea Mwita sindano ambayo sikuipitisha kwenye pamba. Aliitazama. Akaichemsha, akaniambia nikunje mkono wa gauni, akanidunga nayo bila dawa yoyote ndani. Nilipiga yowe kuku wa misheni wakatawanyika. "Sasa umejua wanachokijua wao," akasema, akanirudishia. Tangu siku ile nilinoa sindano kama naandaa za kumchoma mama yangu.

Lakini dawa yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Penisilini ilikuwa ndiyo inaanza kutufikia, unga mweupe kwenye vichupa vyenye mfuniko wa mpira. Ililetwa na lori kutoka Musoma, na mvua zikikolea lori linalala njiani kwenye tope mpaka mvua ichoke. Tulikuwa tunatazama barabara ile kama watu wanaosubiri mahari. Dawa haikutosha, na vitanda vya ndani havikutosha. Ndipo daktari akaweka sheria. Alikuwa mzungu mrefu mwenye miwani, si mtu mbaya, msije mkaondoka hapa mkimtukana. Aliamka mapema kuliko sisi na wagonjwa walipokufa alikula kidogo. Sheria yake ilikuwa hivi: penisilini na vitanda vya ndani ni vya watu ambao hawajafika miaka sitini. Aliyevuka hapo anakaa barazani, anapewa blanketi, uji, na dawa ya kikohozi ya chupa.

"Mzee ameshaishi," alitueleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Kijana bado hajaishi. Nifanye nini?"

Tukaenda kutandika mikeka barazani.

Sasa basi, nani huku kwetu alijua amezaliwa lini? Unamuuliza mtu umri, anakwambia alizaliwa nzige walipokuja. Nzige gani, mama? Walikuja mara ngapi hao! Mwanzoni Sista, yule mzungu msimamizi wa wauguzi, alikuwa anatazama uso tu. Mikunjo mingi, barazani. Siku moja akampeleka barazani mama mmoja mwenye uso uliokauka kwa jua, hana meno ya mbele, na kabla ya mchana mama yule akajifungua mtoto wa kiume palepale kwenye mkeka, katikati ya wazee waliokuwa wanakohoa. Wazee wakashangilia wakasahau vifua vyao. Daktari alikasirika sana. Akasema kuanzia leo mtu asihukumiwe kwa sura, kwa maana jembe linazeesha kabla ya miaka.

Ndipo Mwita akatafuta maswali. Kwa wanaume aliuliza: bado unadaiwa kodi ya kichwa, au serikali imekusamehe kwa uzee? Nawaambia tulicheka. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila karani wa kodi alipokuja alikuwa anakunja mgongo na kutetemesha mkono mpaka akaandikwa kikongwe. Akashikwa na kichomi. Kufika mlangoni akasikia swali. Mgongo ukanyooka! Akasema yeye ni kijana, serikali ilimwonea, na yuko tayari kulipa kodi hata leo. Mwita alimjibu, "Baba, leo umepona mgongo, tubaki na kifua." Akampeleka barazani.

Kwa wanawake swali lilikuwa: mtoto wa mwisho wa nyumba yako anafanya nini? Mnajua kwetu mji mmoja, yaani boma la mume mmoja, una nyumba nyingi, kila mke na nyumba yake, na watoto wanahesabiwa kwa nyumba. Akijibu ananyonya, ingia ndani. Akijibu anachunga ndama, ingia. Akijibu ameoa au ameolewa, basi, nenda barazani na Mungu akusaidie. Kazi ya kuuliza swali hilo kwa Kikurya nilipewa mimi, na jibu namgeuzia Sista kwa Kiswahili. Niliuliza kinamama mpaka nikaanza kuliota. Na niliuchukia ule mlango, nasema wazi. Niliona macho ya mtu yakielewa katikati ya jibu lake mwenyewe kwamba amejikosesha.

Baraza ilikuwa ndefu, imetazama kaskazini upande wa Kenya. Wazee walilala pale wamejifunika blanketi za kijivu, na ukungu ukishuka huoni mtu, unasikia sauti tu. Huyu anaita ng'ombe kwa rangi zao. Yule anamgombeza mkwe aliyekufa zamani. Mwingine anaimba wimbo wa mavuno, anasahau katikati, na sauti nyingine upande wa pili wa ukungu inamalizia. Nilikuwa nagawa uji humo kwa kupapasa, nafuata kikohozi. Nilikuwa na furaha ya ajabu pale, halafu nakumbuka kwa nini wako nje, na uji unanishinda kubeba.

Basi, msimu wa mvua ndefu wakaleta mtu kwa machela kutoka Nyanungu. Wabebaji walikuwa wamelowa mpaka mifupa. Juu ya machela alikuwa Weisiko, bibi mwembamba, nywele nyeupe, kichomi kimembana mpaka kila pumzi inapiga filimbi. Nyuma yake alitembea binti wa umri wangu, jina lake Robhi, ana mtoto mgongoni. Nikadhani mjukuu wake, au mkaza mwana.

Nikamwinamia bibi nikauliza swali la mlangoni, huku najua jibu. "Mama, mtoto wa mwisho wa nyumba yako anafanya nini?"

Akafumbua jicho moja. "Ananyonya," akasema.

Nikadhani homa. Nikauliza tena. Akakasirika, na mtu anayekosa pumzi akikasirika mnajua inavyokuwa. "Ananyonya! Wewe huoni? Huyo hapo mgongoni, Chacha. Mtoto wa nyumba yangu."

Ndipo nikaelewa, na nyinyi Wakurya hapa mmeshaelewa, naona mnacheka. Wengine niwaeleze. Weisiko hakuwa amezaa mtoto wa kiume. Alizaa mabinti, wakaolewa, ng'ombe wa mahari yao wakaingia zizini kwake. Mume akafa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu inazimika, kwa hiyo mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kuoa. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake yeye bibi, baba wa kuwazaa hana madai. Nyumba ntobhu, ndiyo hiyo. Robhi alikuwa mke wa Weisiko, na Chacha alikuwa ndiye mtoto wa kwanza wa kiume nyumba ile kupata tangu iwe nyumba.

Robhi akanishika mkono, ananiambia haraka haraka. Mashemeji wa bibi, ndugu wa marehemu mume wake, hawakuitaka ndoa ile. Walikuwa wanasubiri. Bibi akifa sasa, Chacha hajafanyiwa hata mambo ya ukoo, watasema hiyo haikuwa nyumba, ni kikongwe alikuwa anachezea ng'ombe. Wagawane zizi, na Robhi arithiwe na mkubwa wao. "Yule mkubwa unamjua?" akaniuliza. Simjui. "Mshukuru Mungu," akasema, akaanza kulia.

Nikamgeuzia Sista jibu kama lilivyo: mtoto wa mwisho ananyonya. Sista akanitazama kama nimekunywa. Akapaza sauti, "Baraza!" maana yake mpelekeni nje. Mimi nikasema jibu limeshatoka. Akasema Ghati, acha uongo. Hapo nikasahau Kiswahili, nikaanza kugomba kwa Kikurya kitupu, na mtoto Chacha akaamka akanisaidia kwa sauti yake yote. Kelele zile zikamleta Mwita, zikamleta na daktari.

"Mwita," daktari akasema, "huyu ana miaka sabini. Huna macho?"

"Macho ninayo," Mwita akajibu, polepole kama kawaida yake, na mimi nilitaka kumtikisa. "Lakini ulituambia tusitazame sura. Tuulize. Tumeuliza."

"Na huyu amezaa mtoto huyu?"

"Hapana. Aliyemzaa ni huyu binti. Lakini mtoto ni wa bibi. Na binti ni mke wa bibi."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamtazama Robhi, akamtazama bibi, akatazama vichupa kwenye kabati ambavyo yeye alijua vimebaki vichache kuliko sisi tulivyojua. Najua alitaka kukataa. Akamuuliza Robhi kwa Kiswahili, mimi nikageuza: "Akifa huyu, wewe na mtoto mna nani?"

Robhi hakusubiri nimalize kugeuza swali. Alijibu moja kwa moja, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni: "Hapana mtu. Mimi nimeolewa na yeye tu."

Daktari alikaa pembeni ya kitanda kitupu, kile cha mwisho karibu na dirisha. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu, na kila mtu akawa kama yuko mbali. Mwishowe akasema, "Kwetu jambo hili halipo." Halafu akainuka, akakipigapiga kile kitanda kwa kiganja. "Mlazeni hapa. Ghati, leta sindano."

Niliileta nimeiburuta kwenye pamba mpaka pamba ikaisha.

Siku zile za homa ya Weisiko sijui nizielezeje. Alikuwa anaondoka na kurudi, akili namaanisha. Akiwa ameondoka, alikuwa anaona ng'ombe wake wakipita wodini, wanaingia dirishani na ukungu. "Mwekundu huyo, mpishe," ananiambia, na mimi, mniamini msiniamini, nilikuwa napisha. Nilikuwa nanyanyua ndoo nisimzuie ng'ombe. Wagonjwa wengine nao wakaanza kuwaona. Wodi nzima ikawa inanong'ona: yule mwenye doa amepita? Amepita. Robhi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda, ananyonyesha, na mkono wa bibi umening'inia juu ya kichwa chake. Nikiingia na sindano, namkuta hajasinzia hata kidogo.

Na habari ikatoka nje. Wodi ina masikio, mtajifunza. Asubuhi moja, ukungu mzito kuliko siku zote, daktari alipita barazani kuwaona wazee. Mimi niko nyuma yake na uji. Ukungu ukafunguka kidogo, tukamwona bibi wa kwanza ana mtoto mchanga mapajani. Ukafunguka tena, bibi wa pili, mtoto mapajani. Baraza yote! Vikongwe wamekaa wima kwenye blanketi zao za kijivu, kila mmoja na mtoto anayenyonya. Walikuwa wameazima, kwa binti zao waliokuja kuwauguza, kwa wake wa wapishi, kwa wapita njia sijui. Walimtazama daktari tu.

Daktari akatembea polepole. Alipofika mwisho wa baraza akasimama, akamnyooshea kidole mtoto mwenye shanga nyekundu kiunoni. "Huyu," akasema, "nimemwona pale mwanzo." Kweli, walikuwa wanapitishiana nyuma ya blanketi, watoto hawakutosha! Hata watoto kwa mgawo, jamani. Daktari akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, na mabibi nao wakacheka wakakohoa, watoto wakalia. Halafu nikaona kicheko kimegeuka usoni kwake, anafuta macho na si kwa kucheka tena.

"Mwita," akasema, "liache hilo swali."

"Tuulize nini?"

"Anaumwa nini, na dawa itamsaidia au haitamsaidia. Basi."

Msidhani hapo ndipo mambo yakawa mazuri. Dawa haikuongezeka hata chupa moja kwa kubadilisha swali. Yule mzee wa kodi alifia barazani kabla ya lori kupita tope, na nilimfunga taya kwa kitambaa mimi mwenyewe, na nililia. Kijana mmoja wa Natta alikosa sindano ambayo bibi mmoja alipata, akapona kwa bahati tu. Kama asingepona leo ningewasimulia vingine, au nisingewasimulia. Kugawa kitu kisichotosha ni kazi mbaya, na aliyewaambia kuna namna nzuri ya kuifanya amewadanganya. Lakini baada ya siku ile sikumwona tena mtu akisimama mlangoni anaogopa mdomo wake mwenyewe.

Sasa Weisiko. Pumzi yake ikaacha filimbi. Asubuhi moja hakuona ng'ombe wowote, akaniambia nina njaa, na huu uji wenu ni maji ya kuoshea vibuyu. Nikajua anapona.

Siku ya kuruhusiwa, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kwa mara ya kwanza, majani yanametameta. Mwita alikuja kuniita. "Njoo uone wageni," akasema. Nje, kwenye nyasi mbele ya wodi, wamekaa wanaume, mashemeji. Walikuwa wamekuja na jembe moja na shuka jipya jeupe, limekunjwa vizuri. Mtu fulani alikuwa amewapelekea habari Nyanungu kwamba bibi anaona ng'ombe dirishani, hatafika kesho, na wao wakaja kuchukua maiti. Mkubwa wao alikuwa mnene, ana fimbo nzuri, anamtazama Robhi kupitia mlangoni kwa namna ambayo mkono wangu uliniwasha. Akaniuliza mimi, "Binti, imekuwa lini?"

Sikumjibu. Mara moja tu maishani mwangu nilikosa neno, na nilikosa kwa raha.

Weisiko alitoka mwenyewe. Alikataa kushikwa. Mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye bega la Robhi, na Chacha amembeba yeye, kwa kitambaa, mgongoni kwake yeye bibi, amefungwa barabara. Akafika kwenye mlango wa wodi akasimama juani.

Wanaume wakasimama wote. Hawakupanga, miguu iliwainua. Mdogo wao akajaribu kuficha lile shuka nyuma ya mgongo, likamfunguka likaburuzika kwenye majani yenye maji.

Bibi akalitazama shuka. Akalitazama jembe. Akamtazama mkubwa wao, akampandisha na kumshusha.

"Poleni na safari," akasema. "Na ng'ombe wangu, mmewaacha na nani?"